Breki ya Kulia ya Katapila la Kijiji

Nilivuta mkono wa chuma wa kulia, nikakanyaga breki ya kulia, na katapila likaenda kushoto.

Kushoto hapakuwa na barabara. Palikuwa na mashamba ya ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba ubavuni mwa mlima ili mvua isibebe udongo, yakishuka mpaka kijitoni. Sikupata muda wa kufikiri. Niliangusha kisu cha mbele kikajikita ardhini, mashine ikatetemeka, ikasimama huku ncha ya mnyororo wa kushoto ikining'inia hewani. Nikazima injini, nikashukia upande wa ukuta wa mlima, nikakaa kwenye udongo mbichi. Nikavua kofia, nikaishika mkononi.

Katapila lile lilikuwa mali ya kijiji, huku juu upande wa Mkumbi. Zamani lilikuwa la ushirika. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa na ushirika ukalegea, vitu vyake vilipigwa mnada, na kijiji kikachanga kikalinunua wakati wengine wakigombea magari. Watu walitucheka. Lakini mlima ulikuwa umemegukia barabara yetu wakati wa mvua, na malori ya wanunuzi yalikuwa yanaishia ng'ambo ya maporomoko. Aliyetaka kuuza alibeba gunia kichwani, akavuka kwa miguu, na mnunuzi alijua kabisa kwamba mtu huyo hana nguvu ya kulirudisha nyumbani. Bei ikawa ile anayoitaka yeye.

Mimi kwetu ni Kihagara, ziwani. Nilikuwa dereva wa mitambo ya barabara mpaka tulipopunguzwa kazi, ndipo mlamu wangu, mume wa dada yangu, akaniita nije niendeshe katapila. Yeye alikuwa fundi, mtu wa maneno machache, aliyepunguzwa kabla yangu na kuishia kutengeneza mashine za kumenya kahawa. Siku ile alinikuta bado nimekaa chini. Alitazama mnyororo ulioning'inia, akanitazama mimi.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nilitaka kulia, likaniendea kushoto."

"Breki ilishika?"

"Pedali ilikwenda mpaka chini kama nimekanyaga uji."

Alikaa karibu nami. Tulijua sote kilichotokea. Katapila halina usukani. Ukivuta mkono wa kulia unaukata mnyororo wa kulia kutoka kwenye injini, na breki ndiyo inayouzuia ili ule wa kushoto uzunguke na kukugeuza. Ukiwa mteremkoni bila breki, mnyororo uliokatwa unakimbia peke yake kuliko mwenzake, na mashine inageukia upande usioutaka.

"Inaweza kuwa klachi," alisema.

"Ni breki, mlamu."

"Usiniambie. Nionyeshe."

Tulilivuta nyuma kwa minyororo na watu wengi, tukalipeleka uwanja wa shule, penye tambarare. Nikavuta mkono wa kulia peke yake, bila breki. Katapila likapinda kulia taratibu, kama ng'ombe mvivu. Klachi ilikuwa inakata vizuri. Nikaongeza breki, na hakuna kilichobadilika. Mlamu akaitikia kwa kichwa, akachukua spana.

Alikaza nati ya kurekebishia breki mpaka pedali ikawa ngumu, kisha akairudisha kidogo. Nikajaribu, katapila likageuka pale pale lilipo. Watu wakashangilia. Kabla ya jua la mchana pedali ikalegea tena. Akakaza tena, ikalegea tena.

"Ikiwa baridi inashika, ikipata moto inateleza," nilisema.

"Basi haijalegea. Imelowa."

Akaingia chini ya mashine, akafungua plagi ya chumba cha breki. Chumba kile hutakiwa kuwa kikavu. Oili nzito ikamtiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Akainusa. "Ya giaboksi," alisema.

Tulimimina mafuta ya taa humo ndani, nikaliendesha mbele na nyuma ili yaoshe lainingi, kile kitambaa kigumu kinachokamata ngoma ya breki, tukayamwaga yakatoka meusi. Breki ikashika asubuhi, na mchana ikateleza. Hapo hatukuwa na pa kukimbilia. Sili inayozuia oili ya giaboksi isivuke kwenda kwenye breki ilikuwa imekufa, na ili kuifikia ilibidi kung'oa klachi nzima.

Mlamu alipanda gari kwenda Songea kutafuta sili. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviona kwa miaka mingi, redio, baiskeli, vipuri vya kila aina ya lori, lakini kwa katapila la zamani hivyo, wenye maduka walicheka tu. Alirudi na lainingi ya lori na mfuko wa riveti za shaba.

Wakati huo ndipo alipokuja mnunuzi wa chuma chakavu. Alilizunguka katapila akiligonga kwa fimbo, kisha akaomba kukutana na kamati ya barabara. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mjane, mwenye shamba la kahawa juu ya maporomoko. Wajumbe wengi walitaka kuuza. Mama alituita mbele.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba. Ninyi wawili, mnajua linaloumwa?"

"Tunajua, mama," nilisema.

"Mnajua au mnadhani?"

"Tumeliona kwa macho. Sili imekufa, breki inalowa oili."

"Basi ugonjwa ukishajulikana, ng'ombe hauzwi buchani. Tibuni." Akamgeukia yule mnunuzi, "Baba, karibu chai, lakini chuma hiki bado kinafanya kazi."

Tulisimamisha milingoti mitatu juu ya mashine, tukafunga kapi la mnyororo, tukainua klachi kidogo kidogo. Sili ilitoka ikiwa vipande vipande. Mlamu aliikusanya kwenye kitambaa, tukashuka naye Mbinga sokoni kwa mshona viatu mmoja. Tulimwambia tunataka pete ya ngozi ya kushika mahali pa sili, nene, iliyokatwa sawasawa. Alikata, mlamu akaipima, akaikataa. Akakata nyingine, ikakataliwa. "Hii ni ya mguu wa nani?" mshona viatu aliuliza kwa hasira. Tulipomweleza, alifungua sanduku akatoa ngozi ya mgongo wa ng'ombe aliyokuwa akiitunza, akakata pete ya tatu. Hiyo ilikaa. Tukailoweka kwenye oili hadi ikalainika, tukaifunga. Lainingi ya lori tukaikata kufuata ukanda wa breki na kuipigilia riveti, vichwa vyake vikizama ndani visiikwaruze ngoma.

Uwanjani breki ilishika asubuhi, ikashika na mchana. Lakini wote tulijua kwamba mahali pa kujaribia ni palepale kwenye mteremko ule.

Nilisimama mbele ya ngazi ya katapila bila kupanda. Nilikiona kile kijito. Mlamu alinipita. Alipanda akasimama pembeni ya kiti, akashika chuma.

"Shuka," nilimwambia. "Likienda, liende na mmoja. Dada yangu asibaki hana mtu."

"Ile sili nimeifunga kwa mkono wangu. Panda tufanye kazi."

Mama mwenyekiti aliwatoa watu wote kwenye ngolo za chini. Nikapanda. Tuliteremka kwa gia ya kwanza, polepole, mpaka kwenye kona. Nikavuta mkono wa kulia, nikakanyaga. Pedali ilinikatalia mguu, ngumu kama jiwe. Nikahisi mnyororo wa kulia ukikamatwa chini yangu, na pua ya katapila ikageuka kuukabili mlima. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, labda kwa Kinyasa, lugha ya kwetu ziwani. Mlamu alinigonga bega. "Haya, sukuma," alisema.

Tulisukuma udongo ule mpaka lori la kwanza likapita, tupu, dereva wake akiwa amefungua mlango ili aweze kuruka. Msimu ule wanunuzi walikuja kijijini wenyewe, zaidi ya mmoja, na watu walikaa milangoni mwao wakiwasikiliza wakishindana. Mama mwenyekiti aliwafukuza wawili, akauza kwa wa mwisho.

Mvua zilipokaribia, wazee wa kijiji cha Matiri walikuja kutuuliza kama katapila linaweza kufika kwao, maana nao walikuwa na mlima uliolala barabarani. Mlamu aliwauliza mteremko wao ukoje. Walipomweleza, akanitazama. Nilikwenda kuchukua kofia yangu.