Mipira Minne ya Mama Kule Columbus

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua, hata kwa abiria tu aliyekaa jirani yangu, namwona mama bafuni kwetu Shively, kitongoji cha Louisville, Marekani, ameegemea sinki, anasugua bega la kulia. Siku sita kwa wiki alinyanyua wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Bega hilohilo ndilo lililomchezesha kriketi timu ya mkoa, Dar es Salaam, miaka saba bila malipo. Alikuwa mrushaji.

Louisville hatukuona timu ya wanawake. Mama akawaomba nafasi Wahindi na Wanepali waliocheza kila Jumapili kwenye uwanja wa Jeffersontown. Walimwita dada, kwa heshima zote, wakampa kazi ya kuandika alama. Akaandika, majira mawili ya joto.

Mwaka 2015, nikiwa na miaka tisa, walipungukiwa mtu kwa mechi ya ugenini, mjini Columbus. Nahodha alipompigia simu, mama alimeza vidonge, akanionya nisimwambie mtu habari za bega. Njiani aliimba. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu tufike Marekani.

Zamu ya mrushaji ni mipira sita. Wa kwanza ulimpita mpigaji. Wa pili ukaangusha vijiti vilivyo nyuma yake, akawa ametolewa, na wanaume wakamkimbilia mama wakipiga makofi. Wa tatu ulikwenda kombo. Wa nne ulidunda karibu na miguu yake mwenyewe, na mkono ukabaki unaning'inia. Nikakimbia hadi katikati ya uwanja, nikamwambia nahodha kwa Kiingereza kwamba mama anaumwa, amemeza vidonge, hawezi.

Nahodha alimwendea kwa upole, akanyoosha kiganja apewe mpira. Mama aliung'ang'ania. Kiingereza kilimtoka kichwani.

"Bado miwili," alisema kwa Kiswahili. "Niachieni miwili tu."

Walinigeukia mimi. Sikuwatafsiria. Nilisema anataka kwenda nyumbani.

Hakunigombeza. Hakurudi tena Jeffersontown, na miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwokoa. Nilikuwa chuoni aliponiambia kwamba kabla ya safari ile daktari alishamkataza kurusha tena; alikwenda Columbus kuiaga kriketi, na alijua anaaga. Nikamwomba radhi. Akasema nilikuwa mtoto, nilimhurumia. Ni kweli nilimhurumia. Lakini uwanja mzima ule, ni mimi peke yangu niliyeelewa alichokuwa anaomba.