Thelma Garside na Njia ya Stubbing

Nilipakia taka nyuma ya lori la Thelma Garside kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata mara moja akigusa ukuta wa mtu. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu wilaya yetu ya Harrendale ina kuta nyingi kuliko barabara. Ni kuta za mawe matupu, zimepangwa na watu ambao hawakuwaza kwamba siku moja kitapita pale kitu kikubwa kuliko kondoo wawili.

Halmashauri ya wilaya ilimwajiri mwaka 1986, baada ya kiwanda cha sufu cha Nab End kufungwa. Alikuwa amefuma pale tangu ana miaka kumi na sita. Leseni ya malori alikuwa nayo tayari. Marehemu baba yake alikuwa akizunguka mashambani na lori kukusanya maziwa, na Thelma alijifunzia kwenye gari lile. Msimamizi wa yadi, Bwana Ogden, alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye buti.

"Mama, hili si gari la kusukumia mtoto."

"Ya watoto nimesukuma mawili," Thelma akamjibu. "Yale hayana hata breki. Hili litanishindaje?"

Ogden alicheka mpaka akakohoa, akampa funguo. Baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba wazo la kuajiri mwanamke dereva lilikuwa lake. Tulimwachia.

Mimi nilikuja miaka minne baadaye, nikiwa na miaka thelathini na mbili, mtu wa kiwanda kilekile. Wiki ya kwanza niliona kazi ni kubeba na kutupa. Thelma aliona kazi nyingine kabisa. "Nev," aliniambia, "pipa ni kama uso wa mtu. Liangalie." Naye aliangalia. Alijua nani amepata mtoto, nani ameachwa na mume, nani ameanza kunywa. Pipa ambalo halikutolewa nje siku yake lilimsimamisha. Alizima injini, akashuka, akagonga mlango. Mara nyingi mtu alikuwa amesahau tu, tukatukanwa kwa kumwamsha. Lakini mara mbili tulimkuta mtu sakafuni, na wote wawili walipona. Hakuna aliyetulipa kwa kugonga milango, na hakuna aliyetukataza.

Sasa hiyo Njia ya Stubbing. Inapanda kutoka kwenye daraja la mto mpaka juu kwenye nyumba kumi na moja, mwinuko kama ngazi, na juu hakuna pa kugeuzia hata punda. Lori lazima lipande kinyumenyume. Thelma alilipandisha hivyo kila Alhamisi, macho kwenye vioo, mimi nikitembea nyuma nikimpa ishara kwa mkono. Wakazi wengi wa juu walikuwa wazee. Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Bi Ivy Crowther, mjane wa miaka themanini na moja, ambaye alitutolea chai dirishani bila kutuuliza kama tunataka.

Mwaka 2003 halmashauri ilileta wataalamu wa kupanga upya safari za malori. Walikuja na kompyuta zao na ramani zao, wakakaa ofisini wiki tatu. Kwa haki ya Mungu, hawakuwa watu wabaya. Walisema kurudisha lori nyuma umbali mrefu ni hatari, na kweli katika wilaya nyingine mpakiaji alikuwa amegongwa. Kwa hiyo wakashauri kwamba watu wa Stubbing, na wa njia nyingine kama ile, washushe mapipa yao wenyewe mpaka darajani. Diwani Gerald Lumb, mwenyekiti wa kamati ya huduma, akalipeleka jambo kwenye baraza, na baraza likapitisha. Diwani Lumb alitoka upande wa mjini, ambako ardhi ni tambarare kama meza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Januari ikaja na barafu. Alhamisi moja asubuhi tulifika darajani tukakuta pipa limelala katikati ya barabara, taka zimetapakaa mpaka ukingoni mwa mto. Thelma alishuka, akapanda njia kwa miguu, na mimi nyuma yake. Kwenye kona ya pili tulimkuta Bi Ivy ameketi juu ya jiwe, ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, midomo imekuwa ya buluu.

"Samahani, wapenzi," akasema. "Nimewachafulia njia. Lilinivuta, nikashindwa kulishika."

Thelma alivua koti lake la kazi, akamfunika, akakaa chini kwenye barafu akamkumbatia mpaka gari la wagonjwa likafika. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika sehemu mbili. Gari lilipoondoka Thelma akaniambia, "Nev, nenda nyuma. Nipe ishara."

"Thelma, tumekatazwa."

"Najua tumekatazwa. Nipe ishara, au shika usukani wewe nikupe ishara mimi."

Nilikwenda nyuma. Tulipanda, tukachukua mapipa kumi yaliyobaki. Alhamisi iliyofuata tukapanda tena, na iliyofuata vilevile. Jambo kama hilo halifichiki. Wiki ya nne Ogden alimwita ofisini, na mimi nikasimama mlangoni kwa kuwa sikufukuzwa.

"Kipenzi, nimeagizwa," alisema, akisukuma barua mezani bila kumtazama usoni. Lilikuwa onyo la mwisho. Akipanda tena Stubbing, kazi hana. Ogden mzee yule masikio yalikuwa mekundu kama nyama mbichi.

Thelma aliisoma barua yote, akaikunja. "Baraza linakutana lini?"

"Jumanne, saa nane mchana. Na usifikirie hilo unalolifikiria. Mtumishi haruhusiwi kusema pale."

"Sitasema kama mtumishi. Mimi ni mkazi wa wilaya hii, na kodi ya nyumba nalipa kama wao. Mkazi ana dakika tatu."

Jumanne alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake. Ukumbi wa halmashauri una mbao nyeusi na picha za wenyeviti waliokufa, na madiwani hukaa kwenye nusu duara, kila mmoja na glasi yake ya maji. Nilikaa juu kwenye viti vya wananchi. Thelma alisimama kwenye kipaza sauti, akakigonga kwa kidole.

"Waheshimiwa," akasema, "Bi Ivy Crowther ana miaka themanini na moja na mkono mmoja sasa. Amelipa kodi katika wilaya hii tangu kabla haijaitwa wilaya. Alichoomba ni kuondolewa majivu ya jiko. Mmemwambia ashuke nayo mlima mwenyewe. Mimi si msemaji. Nataka kujua tu, kati yenu nyote mlionyoosha mkono, nani ameshawahi kupanda Stubbing?"

Diwani mmoja alikunywa maji.

Diwani Lumb akainuka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwalimu wa hesabu mstaafu. "Bi Garside, kwa heshima zote, njia hiyo nimeitazama kwenye ramani kwa makini sana."

"Naamini, Mheshimiwa. Kwenye ramani haiteremki."

Watu walicheka, hata karani. Mwenyekiti wa baraza akagonga meza. Thelma alikuwa bado na dakika moja na nusu, naye hakuihitaji. "Alhamisi, saa mbili asubuhi, darajani," akamwambia Lumb. "Njoo ushushe pipa moja, ulirudishe. Moja tu. Ukiniambia linafaa kwa bibi wa miaka themanini, nitaiacha kazi yangu mwenyewe. Lakini vaa viatu vya maana."

Usiku ule sina hakika kama kuna mtu kwenye yadi aliyeamini kwamba atakuja. Alikuja. Saa mbili kasoro dakika kumi alikuwa amesimama darajani na buti za kupandia milima, ameshika fimbo kama mtu aendaye kuchunga mbuzi. Kwa hilo nilimheshimu.

Tulipanda kwa miguu sote watatu mpaka kwa Bi Ivy. Pipa lake lilikuwa limejaa majivu na mchanga wa paka, zito kama mtu aliyelala. Lumb akaliinamisha kwenye magurudumu yake, akaanza kuteremka. Hatua tano za mwanzo alikwenda kama bwana. Ya sita akaanza kukimbia.

"Usiliachie, Mheshimiwa!" nikapiga kelele.

"Sijaliachia! Ni lenyewe limenishika!"

Fimbo iliruka upande wake, kofia upande wake. Alijibamiza ukutani kwenye kona ya pili, akasimama, akapumua, akaendelea. Thelma alimfuata hatua kumi nyuma bila kumcheka, na najua ilimgharimu. Darajani nililimwaga pipa, nikamrudishia. Kulipandisha likiwa tupu alipumzika mara tatu. Alipofika juu, shati lilikuwa limemganda mgongoni katika baridi ya Februari.

Bi Ivy alikuwa mlangoni, mkono umefungwa plasta ngumu. "Kaa, mpenzi, kabla hujaanguka," akamwambia, akampa chai na kipande cha keki ya shayiri na tangawizi. Lumb alikaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama," hatimaye akauliza, "ulikuwa ukifanya hivi kila wiki?"

"Kiangazi si vibaya," akasema Bi Ivy. "Unaona mto vizuri."

Lumb alikiweka kikombe chini. Akamgeukia Thelma. "Lakini hatari ya kurudi nyuma bado ipo, Bi Garside. Huyu bwana anatembea nyuma ya tani nyingi za chuma."

"Muulize mwenyewe. Miguu yake yote miwili anayo."

"Ninayo," nikasema. "Ingawa wa kushoto unaniuma kwenye mvua."

"Basi panda nami," Thelma akamwambia. "Uone."

Tukashuka mpaka darajani, akamkalisha kando yake kwenye lori, na mimi nikatembea nyuma, mkono juu. Nimeiona safari ile mara mamia, lakini siku ile niliiona upya. Kioo cha kushoto kilipita ukuta wa Stubbing kwa upana wa kiganja, kile cha kulia hivyohivyo, na lori halikusita hata kidogo. Kila nilipoinua ngumi lilisimama palepale. Lumb aliposhuka garini kule juu, alisimama akiangalia chini njia ile nyembamba, akatoa daftari mfukoni akaandika kitu. Kisha akamshika Thelma mkono, akauweka kwenye mikono yake miwili.

Mwezi uliofuata yeye mwenyewe ndiye aliyelirudisha jambo barazani. Alisema mbele ya wote kwamba alikosea, neno ambalo halisikiki sana ndani ya mbao zile. Alipendekeza njia kumi na nne za milimani zirudishiwe malori, kwa sharti kwamba dereva awe amepimwa na mpakiaji amefundishwa ishara. Kura ishirini na mbili zikakubali, kumi na saba zikakataa. Thelma alikuwa juu kwa wananchi, Bi Ivy kando yake amevaa kofia yenye manyoya. Kura ziliposomwa, Bi Ivy alipiga makofi kwa kugonga plasta kwenye kiti, na mwenyekiti akajifanya hasikii.

Dereva wa kwanza kupimwa alikuwa Thelma, na wa pili hadi wa tisa aliwapima yeye. Onyo lake likafutwa kwenye jalada. Ogden alitaka kuichana barua, Thelma akakataa. Akaitia kwenye fremu na kuitundika chooni kwake, ambako bado ipo, na kila mgeni huisoma apende asipende.

Walimwomba agombee udiwani, vyama viwili tofauti. "Nikikaa kwenye kile kiti," alisema, "lori litaendeshwa na nani? Lumb?" Akaendelea kuendesha mpaka alipostaafu mwaka 2012, na Bi Ivy akaishi mpaka miaka tisini na tatu katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini kustaafu hakukumkaa vizuri. Mwaka uliofuata alijiandikisha kugombea baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya utawala wetu, lile ambalo watu hugombana kuhusu taa za njiani na viti vya bustani na halilipi hata nauli. Tulipigia kura kwenye chumba cha shule, kwa ile penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilitia alama yangu mbele ya jina Thelma Garside, nikaikoleza tena juu yake, nusura niitoboe karatasi. Alipata kura mia mbili na tatu, mtu aliyemfuata sabini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupata sanduku la chumvi ya kuyeyushia barafu pale kwenye kona ya pili ya Stubbing. Wilaya ikasema barabara ni za kaunti. Kaunti ikasema njia ile haimo kwenye orodha yake. Thelma akawaandikia wote wawili, na alipochoka kuandika akaenda, akakaa mapokezini kwao na chupa yake ya chai na uzi wa kufumia. Kwa wiki tatu alifuma sweta zima. Sanduku likaletwa, la manjano, jipya, limejaa mpaka juu.

Nilimkuta pale Novemba, amefungua kifuniko, anachota chumvi kwa koleo na kuimwaga njiani, hatua kwa hatua, akipanda.

"Diwani mzima unamwaga chumvi?" nikamtania.

"Na wewe mpakiaji mzima umesimama unatazama?" akasema. "Koleo la pili liko nyuma ya ukuta. Chukua."

Nikachukua.