Mkono Juu ya Bega la Babu

Sokoni walimwita Kidole, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina jingine. Kidole chake cha mwisho, mkono wa kulia, kilijipinda kwa ndani kama ndoana. Alikirithi kwa mama yake pamoja na ulimi, na zaidi ya hivyo mama hakuacha kitu. Alimzika mama, akamfukuza mume, akalea wanawe kwa kuuza mitumba. Biashara hiyo ilimfunza jambo moja: mnunuzi akiondoka, mwache apige hatua, kisha mwite. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, ondoka polepole.

Basi binamu yake, mtoto wa mjomba, alipotia mguu kibandani kwa mara ya kwanza maishani, Kidole alijua kuna kitu anakitaka.

"Dada, tunaipiga upya ile picha ya babu. Kila mtu anakaa pale alipokuwa mzazi wake. Tutaitundika dukani kwangu. Na wewe njoo."

Picha hiyo Kidole aliijua kwa kusimuliwa tu. Babu kaketi, watoto wamesimama nyuma yake, na mama yake Kidole kaweka mkono juu ya bega la babu. Mama alipotoroka na mwanamume aliyekataliwa, babu alichukua mkasi akamkata atoke kwenye picha. Mkono ulisalimika kwa sababu moja: kuukata kungeharibu koti lake.

Kidole alipekua marobota hadi akapata gauni lenye mikono kama ile aliyosimuliwa, mirefu, yenye vifungo vyeupe kifundoni.

"Leo narudishwa ukutani," alimringia jirani yake wa kibanda.

"Angalia wasikufanye msumari," jirani akamjibu.

Studioni, mpiga picha alikuwa akiwapanga watu huku akitazama picha ya zamani. Binamu alikuwa kakalia kiti cha babu mwenyewe, maana kidevu chake ni cha babu kabisa.

"Mama, wewe kaa nyuma ya pazia," mpiga picha akamwambia Kidole. "Pitisha mkono hapa penye mpasuko."

"Na uso?"

Mpiga picha akaiangalia picha. "Hapa hakuna uso."

Mke wa binamu akaangua kicheko. "Tunataka ifanane, wifi. Tukiuweka uso wako, wateja watauliza huyu nani. Tuseme nani?"

"Mjukuu."

"Usianze, dada," binamu akasema bila kugeuka, asije akaharibu pozi. "Tumekuitia kidole. Uso huo ni wa baba yako, na yeye hatukumwalika."

Chumba kizima kikacheka. Kidole akasubiri wanyamaze.

"Uso na mkono, au naondoka na vyote."

"Haya, nenda," binamu akajibu.

Akaondoka kwa mwendo ule wa sokoni, taratibu, sikio kaliacha nyuma. Mlangoni akamsikia wifi yake: "Nipeni uzi nifunge changu kipinde. Nani atakichunguza kidole?"

Kwenye ngazi hakuna aliyemwita. Barabarani alizidi kupunguza mwendo, hadi mwenyewe akajionea aibu. Ndipo viatu vikasikika vinakimbia nyuma yake. Binamu! Kidole akapandisha bei moyoni papo hapo: uso, na asimame mbele.

"Dada! Mkono wa gauni! Wa mke wangu mfupi, haufanani. Hebu tupe huo wako."

Kidole alimkazia macho mpaka yule akaanza kujikuna shingo.

"Ile picha ya zamani mnaipeleka wapi?"

"Ile iliyotoboka? Mpiga picha ana nakala. Ya nini tena?"

"Niletee. Na mkasi."

Vilipoletwa, aliukata mkono wa gauni kuanzia begani, palepale kando ya barabara, wapita njia wakimtumbulia macho. Binamu akaunyakua, akakimbia bila kuaga.

Nyumbani Kidole alikata tena. Alitoa kiganja cha mama yake na kidole chake kilichopinda, na kipande cha koti chini yake, maana havikuachana. Akakibandika ndani ya mlango wa kabati. Babu aliyebaki, pamoja na wajomba wote, alikunjwa, akakunjwa tena, akasukumwa chini ya mguu mfupi wa meza ya nguo.

Meza ikaacha kuyumba.