Nilijifanya Sijui Kindali, Mama wa Watu Akafukuzwa Kazi

"Dada, tatizo tumeshaliondoa. Yule mpishi tumemfukuza."

Hivyo ndivyo alivyoniambia meneja wa ile loji ya msituni kwenye simu, kwa sauti tamu, utadhani ananipa zawadi! Nilikuwa kibandani kwangu hapa Tunduma, nampimia mteja kitenge. Uvumilivu ukaniishia palepale.

"Mwongo wewe! Wewe na huyo mwongozaji wako, wapuuzi wakubwa!"

Nikakata simu. Mteja akakiweka kitenge chini, akaondoka taratibu.

Lakini nikisema kweli, mwongo wa kwanza nilikuwa mimi. Nimekosa, na kosa langu halina hata sura ya kuonewa huruma.

Mimi nimezaliwa Ibaba, milimani Ileje. Kindali nimekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Nilipomaliza kidato cha nne nikaja Tunduma, nikakuta wenzangu wa sokoni wanawacheka watu wa milimani. Basi nikajifanya mtoto wa mpakani. Nikajua vijineno vya Kibemba vya kuuzia vitenge, lugha ya mama yangu nikaitupa. Ujinga huo niliuita ujanja!

Siku moja mashosti zangu wawili wakaja na habari ya safari ya siku mbili, msitu wa mvua, loji ya mbao, mwongozaji yupo. Nikambeba na binti yangu wa miaka minne. Ndiyo, nililipa ili nikaonyeshwe msitu ule ule niliokuwa naokotea kuni!

Na hiyo loji yenyewe! Taulo limekunjwa kama bata, maji ya kuoga ya baridi. Sisi tunaotoka mkoa wa kahawa tukapewa kahawa ya pakiti. Mwongozaji, kijana wa mjini mwenye mabuti mapya, alikuwa anagusa kila mti anautaja kwa Kiingereza. Akauonyesha mti mmoja, akasema una sumu. Matunda ya mti ule nimeyala utoto wangu wote! Ningemsahihisha, wangeniuliza nimejulia wapi.

Asubuhi ya pili tukajipanga kwenda kwenye maporomoko. Mama mpishi, mtu mzima wa rika la mama yangu, akatoka jikoni mbio, mikono ina unga. Kiswahili kilikuwa kinampa shida. Akasema kwa Kindali kwamba gogo la kuvukia kijito limeoza kwa chini, mtoto asipite, tuzungukie juu.

Shosti mmoja akauliza, "Anasemaje?"

Mwongozaji akacheka. "Anatutakia safari njema, anasema tuwahi kurudi chakula kisipoe."

Kindali hakijui hata salamu!

Yule mama akanitazama mimi, si mwingine. Nadhani uso wangu wa nyumbani aliutambua. Mimi nikainamia simu yangu, najifanya natafuta mtandao. Jamani, mtandao msituni!

Tukaenda. Nilipofika kwenye lile gogo nikasimama. Nikasema kwa unyonge, "Si bora tuzungukie juu?"

"Dada usiwe mwoga," mwongozaji akasema, "hapa napita kila wiki." Akamshika binti yangu mkono, wakatangulia.

Gogo likakatika. Yeye akaruka. Mwanangu akaangukia mawe, mkono ukavunjika.

Tuliporudi mbio lojini, yule shujaa wa mabuti alikuwa anatafuta pa kusimama. Aliyemshika mtoto ni mama mpishi. Akaufunga mkono kwa vipande vya mianzi na khanga yake, huku anambembeleza kwa maneno yale yale aliyonibembelezea mama yangu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kindali mtoto ameanguka kwa upande gani, kama amegonga kichwa.

Nikamjibu, "Sielewi, mama."

Mwanangu analia, mimi nalinda umjini wangu! Mwanamke gani mimi?

Meneja alikuja kutuuliza kama tulipewa tahadhari yoyote. Mwongozaji akasema hapana, mpishi ndiye mwenyeji na hakusema kitu. Mashosti wakasema hapana, wao hawakuelewa. Nikaulizwa mimi. Niliona nikisema ndiyo, baba wa mtoto atajua nilionywa nikampitisha mtoto. Nikasema, "Hapana."

Neno moja hilo ndilo lililomtoa yule mama kazini. Kila nikimwogesha mwanangu na hogo lake la plasta mkononi, najua aliyemfunga mkono siku ile yuko nyumbani hana kazi kwa sababu yangu.

Baada ya ile simu nilimwambia mume wangu yote. Hakunipiga wala hakunifokea. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mama yako akija hapa, naye utamwambia huelewi?" Tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana tu. Mashosti nao niliwaambia, sasa wananiita Mndali wa kujificha. Na waniite!

Wewe unayejifanya hujui kwenu ili uonekane wa mjini, acha. Watu unaowavimbia hawatakubebea mtoto. Na mtu akikuambia njia ni mbaya, msikilize, usimtazame viatu!

Jumatatu nilipanda mlima mpaka ofisi ya kata ya kule kwenye loji, nikapeleka barua kwa mkono wangu. Mtendaji akaisoma mara mbili. "Binti, hapa unamshtaki mwongozaji, au unajishtaki wewe?"

"Wote wawili. Gonga muhuri."

Akagonga. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWONGOZAJI NA MENEJA WA LOJI

Nalalamika kwamba mwongozaji alitupitisha njia mbovu baada ya kuonywa, akatudanganya maana ya onyo hilo, kisha akamsingizia mpishi. Nalalamika kwamba meneja alimfukuza mpishi bila kumuuliza kwa lugha anayoiweza. Naomba arudishwe kazini.

Onyo lilitolewa wazi. Nililisikia na kulielewa neno kwa neno. Nilipoulizwa, nilisema uongo. Mimi ni Mndali wa Ibaba, na niko tayari kuyarudia haya mbele ya mpishi huyo, kwa Kindali.