Taa na Kangaruu wa Mitini Tuliowahifadhi Lwiro

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti cha Lwiro, chef, yaani mkuu wa section ya wanyama, alinipa brashi laini na kunionyesha kangaruu wa mitini aliyekaushwa. "Citoyenne, usimushike mukia. Iko inavunjika."

Ilikuwa miaka ya Zaïre, kila mwanamke akiitwa citoyenne, yaani raia. Nilikuwa nimetoka Bukavu na diplome mpya, nikawa preparateur: tulikausha ngozi za wanyama, tukazijaza pamba na kuzifungia etiketi za majina, ili watafiti wazisome hata baada ya miaka mingi.

Kangaruu yule alitoka Guinea Mpya, kwa kubadilishana wanyama na wataalamu wa kule. Jirani yake kwenye rafu alikuwa taa, samaki bapa kama sahani, mwenye mwiba mkiani, aliyevuliwa katika mto wetu mkubwa. Wote wawili walikuwa wanaadimika huko walikotoka.

Mwaka wangu wa tatu mvua iliharibu paa la depo, ghala letu la ngozi. Humo kabati moja tu lilibaki kavu, na wengine walipokwisha kuingizwa, ilibaki nafasi ya mmoja tu kati ya hawa wawili. Mkaguzi aliyetoka Kinshasa kuona hasara hakusita. "Mubakishe taa. Ile ingine haiko ya kwetu, muitupe."

Chef akanigeukia. "Andika yote unajua juu ya hawa wawili. Kesho nitamusomea mukaguzi."

Niliandika siku nzima. Mmoja hulala kwenye mchanga chini ya maji, mwingine hupanda miti. Lakini taa hatagi mayai kama samaki wengi. Huzaa watoto hai, wachache, baada ya kuwalisha tumboni kwa namna ya maziwa. Kangaruu naye hubeba mtoto mmoja mfukoni, miezi mingi. Ukiua mama mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Nikamalizia: "Hawa ni mama wawili. Sijui nimutupe nani."

Chef alisoma polepole mbele ya mkaguzi. Kisha akaingia ofisini, akatoa vitabu vyake vyote kabatini, akavirundika sakafuni.

"Kangaruu ataingia hapa," alisema.

Mkaguzi alitia sahihi ripoti yake.

Nilitumikia machef wanne. Wengine walijua Kilatini cha majina ya wanyama kuliko chef yule wa kwanza, ila ni yeye aliyefanya kazi miaka yote vitabu vikiwa miguuni.

Sasa nimestaafu, niko Nyangezi. Vijana wanaosomea wanyama huniuliza, "Maman, mnyama wa mbali anatuhusu nini?" Msitu wa Guinea Mpya sijauona. Lakini baada ya mvua ile nilimshona kangaruu tumbo lililofumuka kwa unyevu, kwa mikono yangu, nikaupapasa mfuko wake. Tangu siku hiyo sijaweza kumwita mgeni.