Nyota ya Kijani Uwanjani kwa Shule

Prof, yaani mwalimu wetu wa fizikia, alisema kuna watu huko Ulaya wanatengeneza kipande cha nyota ndani ya maabara. Wanapiga miale mikali kwenye kibati chembamba, kibati kinageuka plasma, yaani gesi ya moto mpaka atomu zake zinavunjika. Halafu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, wanasoma namna nyota inavyolipuka. Nikanyoosha kidole.

"Prof, nani alienda kule juu kuonja, akarudi kusema ladha ni ile ile?"

Darasa likavunjika mbavu. Yeye hakucheka.

"Weye, juu ya kucheka-cheka uko na alama ine juu ya makumi mbili. Ijumaa utatuletea plasma hapa. Ukikosa, mwaka utaurudilia."

Baba alikuwa ameshanionya: nikirudia mwaka, masomo basi, nakwenda Kapolowe kulima mahindi ya babu.

Nikamwomba mjomba, anayechomelea mageti Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba hapa Likasi, alete mashine yake uwanjani kwa shule. Mpango ulikuwa vijiti viwili vya kaboni nilivyotoa kwenye betri zilizokufa: umeme uruke katikati yao, mwanga mweupe kama jua. Ijumaa ikafika, umeme wenyewe ukakubali kuwepo, mjomba akavaa kinyago chake, na mimi nikagundua vijiti vimebaki nyumbani. Mfukoni nilikuwa na vipande vya shaba tu. Mtoto gani wa Shituru hana shaba mfukoni? Nikampa.

"Mugeuke! Musiangalie moto!" mjomba akafoka.

Tukatazama ukuta. Ukuta mzima ukawa wa kijani.

Prof akaikinga CD kuukuu kwenye mwanga, ikatupa rangi kwenye karatasi. Si upinde mzima wa mvua, ni mistari michache tu, ya kijani imewaka kuliko yote.

"Juu ya nini iko kijani?" akaniuliza, akitaka sababu.

"Nyota ya Likasi, prof. Imetoka mugodi."

"Hakuna muntu alisha kuona nyota ya kijani. Ile mistari ni shaba inajitaja. Njo vile tunajua nyota iko na nini ndani, bila kuonja."

"Kwa hiyo ni plasma?"

"Ni plasma."

"Na nyota?"

"Hapana."

"Lakini wale wa Ulaya, yao kibati tu, na ni nyota?"

"Hawasemi ni nyota. Wanasema inatembea sawa na nyota, ukikuza hesabu za ukubwa na za muda."

"Sasa yangu tukiikuza, haitatembea?"

Wenzangu wakacheka. Mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwa natania.

"Sijue," prof akasema. Akafungua daftari lake, akaandika kumi. Kumi inatosha kupanda darasa.

"Ni ya plasma, prof, ao ya swali?"

"Ikale vile," akasema, akalifunga daftari.

Mjomba alikuwa anakunja nyaya zake.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Sasa uso iko vile juu ya nini?"

"Sijaelewa hata kidogo, mjomba."