Jibu la Jovin

Mektrida wa Uru amechoka. Nasema hivyo bila kupamba, maana mimi ni jirani yake na namwona kila asubuhi akipita kwangu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Wenzake wa umri ule wanalelewa na watoto wao. Yeye bado analea.

Jovin ni kitinda mimba wake. Alipokuwa na miaka sita walimtoa uvimbe kwenye ubongo huko Dar es Salaam, kisha akapigwa mionzi wiki nenda wiki rudi. Kwa kuwa mtoto hatulii, kila mara walimlaza kwa dawa ya usingizi. Akapona. Tulichinja mbuzi, tukaimba kanisani, tukadhani mambo yamekwisha.

Shule ilimshinda mapema. Si mjinga, na anayesema hivyo mbele yangu tutagombana. Maneno humfikia polepole, na jibu lake hutoka polepole zaidi. Mektrida aliwahi kumuuliza daktari kilichomharibia mtoto ni uvimbe, mionzi, au ile dawa ya usingizi. "Huenda ni vyote, mama. Hatujui," daktari akajibu. Angalau hakudanganya. Kaka yake Jovin, Melkior, mfanyabiashara wa Tarakea, yeye alikuwa na hakika. "Huyu hakuamka vizuri," husema, hata Jovin akiwepo.

Baba yao alipofariki, mwaka 2001, ukoo ulikaa kugawa kihamba, shamba la urithi lenye nyumba. Kwetu nyumba ya wazazi na migomba inayoizunguka huwa ya kitinda mimba, naye ndiye humtunza mama. Melkior alitaka apewe yeye. Mektrida alijua maana yake: siku akifa, Jovin atakuwa kibarua kwenye nyumba ya baba yake mwenyewe.

Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikayasikia yote. Baba yao mdogo, mzee Yakobo, alimgeukia Jovin. "Mama yako akizidiwa ghafla, utafanya nini?"

Jovin akamtazama, kisha akatazama chini. Wanaume wakaanza kukohoa.

"Shemeji, mpe nafasi," Mektrida alisema, lakini kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekesha.

"Si mnaona wenyewe?" Melkior akadakia.

Wakaona. Nyumba akapewa Melkior, nami nikaitwa nilete mbege, pombe ya ndizi ya kufungia kikao.

Nilikuwa namkabidhi mzee Yakobo kata yake Jovin aliposema, "Nitamwita Mama Pamela. Halali mapema, anasikiliza redio. Yeye akae na mama, mimi nikimbie kwa Shedrack mwenye pikapu, tumpeleke hospitali ya Mawenzi."

Mama Pamela ni mimi. Nililia palepale, sikujali wanaume.

Mzee Yakobo alishusha pumzi. "Umesema vizuri, mwanangu. Lakini kikao tumeshakifunga."

Mektrida akainuka kwa shida kwenye kigoda chake. Akamnyang'anya shemeji yake ile kata, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mke wa ukoo ule, akaiweka chini.

"Basi kifungueni," akasema. "Mimi namngoja huyu miaka yote hii, kila neno. Leo mmeshindwa kumngoja hata mara moja?"

Mzee Yakobo akamgeukia tena Jovin, akamuuliza swali lingine, nasi sote, Melkior akiwemo, tukangoja.